Hila za Mtoto: Mchezo na Mashine Rahisi, kutoka Mombasa hadi Jumeirah Lake Towers



Yako mabishano yanayorudi kila mara baina yetu tulioko Ghuba, hasa wenye watoto au wajukuu wa miaka mitatu mpaka sita. Wako wanaosema kwamba haya madarasa ambamo mtoto anapewa roda, kabari na magurudumu ya mbao "ajifunze kutatua matatizo" ni biashara ya Wazungu tu, tunalipishwa hela ili mtoto akacheze, jambo ambalo angelifanya bure uani kwa bibi yake. Na wako wanaoamini kwamba hii ni sayansi mpya kabisa, na kwamba wazee wetu hawakujua mtoto anajifunza vipi. Mimi fani yangu ni historia, malezi nawaachia wenyewe, kwa hiyo nitakaa kwenye historia. Na historia, kwa jinsi ninavyoisoma, inawakatalia wote wawili. Elimu hii ilipata umbo lake shuleni kwa ajili ya watoto wa maskini waliokaa ghorofani. Pwani yetu iliipokea wakati hapa ninapoandikia palikuwa mchanga mtupu. Na walioigeuza ikawa yetu ni walimu wanawake wa Mombasa na Zanzibar, vifaa vyao vifuu vya nazi na visoda.

Kwa wasiopajua, Jumeirah Lake Towers ni mtaa wa minara upande wa kusini-magharibi wa Dubai, ng'ambo ya barabara kuu ya Sheikh Zayed ukitokea Marina. Minara imepangwa mitatu mitatu, kila kundi na herufi yake ya alfabeti, kuzunguka vimaziwa vilivyochimbwa na watu. Ni eneo huru la biashara chini ya mamlaka iitwayo DMCC, iliyoanzishwa mwaka 2002, na mnara mkubwa katikati, wenye mita 360, unaitwa Almas, neno lile lile letu la almasi, maana biashara ya vito na dhahabu imewekwa humo. Wanaotoka kwetu wapo wa kila daraja: wahasibu, wanasheria, wafanyabiashara wa madini, halafu walinzi wa milango, wasafishaji na mayaya. Watoto wanakaa juu. Mtoto wa ghorofa ya 30 mashine yake ya kwanza ni lifti, na anaijua kwa kubonyeza kitufe tu. Kamba haioni, wala lile zito linaloshuka upande wa pili wakati yeye anapanda. Chini ya minara kuna shule za chekechea, na katikati kuna bustani yenye nyasi, ambako jioni jua likipoa utawasikia mayaya wakizungumza Kiswahili cha Nairobi, cha Mombasa, cha Kampala.

Sasa tukitaka kujua shule ya chekechea iliyo chini ya jengo la ghorofa ilitoka wapi, twende Roma mwaka 1907. Katika mtaa wa San Lorenzo kulikuwa na majengo ya ghorofa ya wafanyakazi maskini, ambayo kampuni moja ya majumba ilikuwa imeyakarabati. Wazazi wakienda kazini watoto wadogo walibaki wakikimbia kwenye ngazi, wakichora kuta na kuharibu vitu. Wenye majengo walipiga hesabu yao: kumlipa mtu awaangalie watoto ni nafuu kuliko kupaka rangi kuta kila mara. Wakamwita daktari mmoja mwanamke, Maria Montessori, na tarehe 6 Januari 1907 "Nyumba ya Watoto" ikafunguliwa humo humo ndani ya jengo. Mambo makubwa mengine yanaanza hivyo, kwa ubahili wa mwenye nyumba. Montessori aliwapa watoto vitu vya kushika: mitungi ya mbao inayoingia kila mmoja kwenye tundu lake, fremu zenye vitambaa vya kufunga na kufungua kwa vifungo na kamba. Mtoto akikosea, kitu chenyewe kinamwambia, kwa sababu mtungi mnene hauingii kwenye tundu jembamba. Hana haja ya mwalimu kumpigia kelele.

Kabla yake alikuwapo Mjerumani Friedrich Froebel, aliyeanzisha kituo chake Bad Blankenburg mwaka 1837 na kutengeneza seti za vitu alivyoviita zawadi: mpira, mche duara, na mchemraba unaogawanyika kuwa vipande vinane. Serikali ya Prussia ilizipiga marufuku shule hizo mwaka 1851, ikishuku kwamba zinafundisha ukanamungu na ujamaa, na marufuku haikuondolewa mpaka 1860, Froebel mwenyewe ameshakufa. Hebu fikirini, dola nzima yenye majeshi inaogopa vipande vya mbao vya watoto wa miaka minne! Mama wa msanifu majengo Frank Lloyd Wright aliziona zawadi hizo kwenye maonyesho ya Philadelphia mwaka 1876 akamnunulia mwanawe, na Wright mzee mzima alikuwa bado anasimulia kwamba vile vipande vilibaki vidoleni mwake. Mwaka 1956 ndiye aliyechora jengo la maili moja kwenda juu, ambalo halikujengwa. Wakazi wa mji wa Burj Khalifa wana sababu ya kulikumbuka.

Lakini hao wote, Froebel na Montessori, walifundisha maumbo na vidole. Mashine zenyewe zina ukoo mwingine, na huo unapita karibu zaidi na sisi. Wagiriki wa Iskandaria walikwisha kuzihesabu mashine tano zinazoinua uzito: wenzo, roda, kabari, parafujo, na gurudumu na mhimili wake. Mteremko uliongezwa baadaye huko Ulaya, zikawa sita. Baghdad katika karne ya 9 ndugu watatu wanaojulikana kama Banu Musa waliandika kitabu cha vyombo yapata mia moja, na kitabu hicho kinaitwa Kitab al-Hiyal. Mwaka 1206 al-Jazari naye akaandika chake, na katika jina la kitabu chake mna neno hilo hilo, hiyal. Waungwana, hiyal ni wingi wa hila! Elimu ya mashine kwa Waarabu ilikuwa elimu ya hila, yaani namna ya kuushinda uzito kwa akili pale nguvu zinapopungua. Sisi neno tumelichukua, tukaliacha liharibike mpaka likabaki na maana ya udanganyifu. Mtu mwenye hila kwetu ni mtu wa kuogopwa. Hata hivyo hadithi za Sungura tunazowasimulia watoto zinahifadhi maana ya zamani: mdogo asiye na nguvu anaangalia, anafikiri, anapata njia. Katika jengo la maduka la Ibn Battuta, lililofunguliwa 2005 si mbali na hapa minarani, waliweka mfano wa saa ya tembo ya al-Jazari. Nimeona wazazi wa kwetu wakipiga picha mbele yake na watoto wao. Ni vizuri. Ingekuwa vizuri zaidi wangesimama kidogo wakauliza pamoja na mtoto: ni nini kinachomfanya yule mtu wa juu asogee?

Pwani yetu mtoto hakuhitaji kupelekwa dukani kuona hila. Chombo cha tanga kilikuwa chuo tosha. Tanga linafungwa kwenye foromali, foromali ni mti mrefu na mzito, na mabaharia hawana winchi. Wanaitweka kwa kamba inayopita kwenye gofia juu ya mlingoti, na kwenye vyombo vikubwa kamba inazungushwa katika roda za juu na za chini. Hapo kuna kanuni mbili ambazo vitabu vya sayansi vinaziandika kwa kurasa nyingi. Roda moja iliyofungwa juu haikupunguzii uzito hata chembe, inakugeuzia mwelekeo tu: badala ya kusukuma juu unavuta chini, na unaweza kuning'inia kwa uzito wa mwili wako. Roda inayotembea pamoja na mzigo ndiyo inayokupunguzia nusu ya nguvu, lakini inakutoza kamba mara mbili. Mwanamaji hakuwa na haja ya kuandika hayo. Mikono yake ilijua kwamba kila wepesi una urefu wake wa kamba.

Na watoto wake waliyaiga hayo pwani. Aliyekulia Unguja, Lamu, Pemba au Tanga anazijua ngalawa ndogo za mchezo. Unachonga mti mwepesi, unaweka mlingoti wa kijiti, tanga la kitambaa au la mfuko wa plastiki, na mbao mbili za ubavuni ili isipinduke. Unaiachia majini wakati wa maji kujaa. Ikilala upande mmoja, tatizo liko wapi? Mlingoti mrefu mno? Tanga kubwa? Ubao wa upande wa upepo mwepesi? Unabadilisha kitu kimoja, unaiachia tena. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kipi kilichoponya, na mtoto wa miaka saba aliyechoka kuikimbilia ngalawa yake mpaka shingoni analifahamu hilo kuliko baadhi ya wanafunzi wetu wa shahada ya uzamili. Hakuna aliyemwambia kwamba hilo linaitwa jaribio. Ongeza magari ya waya yenye usukani unaogeuza magurudumu ya mbele kweli kweli, ongeza pia, manati, tiara, na bao lililochimbwa mchangani.

Vyombo hivyo hivyo ndivyo vilivyotuunganisha na huku. Baharia wa Australia Alan Villiers alisafiri msimu wa 1938 na 1939 na jahazi la Wakuwaiti hadi Zanzibar na delta ya Rufiji, ambako walipakia boriti za mikoko. Boriti za namna hiyo, kutoka Lamu na Rufiji, ndizo zilizobeba dari za nyumba za zamani za Ghuba, Dubai ikiwamo. Ukiingia katika nyumba za mtaa wa Al Fahidi utaona vyumba ni vyembamba, kwa sababu upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti. Mti wa kwetu ulimwekea mwashi wa huku mpaka wa tatizo lake, naye akalitatua ndani ya mpaka huo. Nalisema hili kwa wale wanaodhani kwamba uhusiano wetu na Dubai ulianza na viza ya kazi.

Sasa nije kwenye kiini cha mada yangu, maana hapa ndipo wengi wetu hatuna habari.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Waislamu wa pwani ya Kenya walikuwa na shida iliyo wazi. Watoto wao walikwenda chuoni wakajifunza Kurani, lakini walipofika mlango wa darasa la kwanza walikuta wenzao wameshapitia shule za chekechea, nao wakaachwa nyuma tangu siku ya kwanza. Viongozi wa jamii wakapeleka ombi kwa Aga Khan. Taasisi yake ilianza kazi Mombasa, na aliyeibeba tangu mwanzo ni mwalimu wa pale pale, Bi Swafiya Said. Kufikia 1986 mpango ulikuwa umesimama. Zanzibar ulifika 1990, Uganda 1993. Ndio ule uliokuja kujulikana kama Madrasa Resource Centre, na uliwahi kuzisaidia jamii zaidi ya 200 katika nchi hizo kufungua shule zao wenyewe.

Bi Swafiya na wenzake wangeweza kufanya lililo rahisi: kuwakalisha watoto wa miaka minne kwenye mabenchi, kuwaimbisha a e i o u na kuwachapa wakisinzia. Wazazi wengi ndivyo walivyotaka. Badala yake walichukua mfumo wa Kimarekani uitwao HighScope, wakauvua nguo zake na kuuvisha kanga. Mfumo wenyewe asili yake inastahili kutajwa. Ulitokana na shule moja ya majaribio katika mji wa Ypsilanti, Michigan, kuanzia 1962, chini ya David Weikart. Watoto 123 Waamerika weusi wa familia maskini waligawanywa mafungu mawili: 58 wakaingia shule, wengine hawakuingia, wakafuatiliwa mpaka utu uzima. Msingi wake mtoto anapanga, anatenda, kisha anasimulia alichotenda. Kwa hiyo njia hiyo ilitoka kwa watoto weusi wa mji wa viwanda Marekani ikaja kwa watoto Waislamu wa Mombasa, na ni jambo la ajabu kwamba leo inauzwa Dubai kama bidhaa ya watu wenye nafasi.

Chumba cha shule hizo kiligawanywa kwa kona. Kona ya nyumba na vyungu vyake, kona ya vitabu, kona ya ujenzi yenye vipande vya mbao vilivyobaki kwa maseremala, na nje mchanga na maji. Vifaa vilikuwa vifuu, makumbi, kokwa, visoda, makopo, kamba, magome. Dua na hadithi za dini zilikuwamo humo humo. Mtoto akiingia asubuhi anaulizwa: leo utafanya nini? Akisema atajenga daraja, anakwenda kujenga daraja. Daraja likianguka mwalimu hakimbilii kulisimamisha. Anakaa chini sawa na mtoto, anauliza, halafu (hapa ndipo pagumu) ananyamaza. Mwishoni mtoto anawaeleza wenzake: niliweka ubao mrefu, ukapinda, nikatia kifuu katikati. Kifuu kile katikati ni nguzo leo. Kesho akiuweka ubao juu ya kifuu hicho hicho na kuubonyeza upande mmoja, upande wa pili utainuka, na hapo kifuu kimekuwa egemeo, ubao umekuwa wenzo.

Wazazi walilalamika, na mimi siwalaumu. Mtu amechangia shilingi zake na kubeba mawe ya msingi kwa mikono yake, anapita dirishani anamkuta mtoto wake anamimina maji kwenye kopo. Atauliza, huku ndiko kusoma? Walimu waliwaita wazazi wakawakalisha kwenye kona hizo hizo wacheze wenyewe, halafu wakawauliza wamejifunza nini. Baadaye utafiti ulifanywa na Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg, ukachapishwa 2008 na mwingine 2011, ukiwalinganisha watoto wa Kenya, Zanzibar na Uganda. Waliokwenda shule yoyote ya awali waliendelea vizuri kuliko waliobaki nyumbani, na waliokuwa kwenye shule za Madrasa waliwazidi wa shule nyingine za awali. Kona ya mbao chakavu haikuwapotezea wakati.

Zanzibar iliongeza jambo lake. Sera ya elimu ya mwaka 2006 iliingiza miaka miwili ya maandalizi ndani ya elimu ya msingi, na kuanzia wakati huo huo, kwa msaada wa Wamarekani, kukawa na vipindi vya redio vilivyoitwa Tucheze Tujifunze. Vijiji visivyokuwa na shule ya maandalizi watoto walikusanyika na msimamizi wa hapo hapo kijijini, redio ikasema, wao wakaruka, wakahesabu, wakapanga vijiti. Jina lenyewe nalipenda, maana limetanguliza kucheza.

Basi turudi minarani. Nimekaa kwenye darasa moja la mchezo, jina lake halina faida kwenu. Vifaa ni vizuri mno: roda za mbao laini, kamba za rangi, miteremko inayopandishwa na kushushwa. Mtoto wa miaka minne, mama yake Mtanzania, aliwekewa kigari na ubao akaulizwa afanye nini kigari kiende mbali zaidi. Akaanza kukitazama. Kabla hajanyoosha mkono mwalimu alikwisha kuuinua ubao kwa ajili yake, kigari kikaenda mbali, watu wakapiga makofi. Yule mtoto alipewa jibu la swali ambalo hakuwahi kuwa nalo. Simlaumu mwalimu, ana dakika 40, watoto kumi na wawili na wazazi wanaotaka picha ya simu. Lakini tunachokilipia pale ni mbao. Kule kunyamaza kwa walimu wa Bi Swafiya hakumo kwenye bei.

Jioni nyingine bustanini, yaya mmoja wa Kikenya alikuwa anamtengenezea mtoto gari la boksi la maziwa. Visoda vinne, vijiti viwili vya mshikaki. Gari halikwenda, liliburuzika. Yaya hakusema kitu. Mtoto, kitu cha miaka mitano hivi, alilipindua akavitazama visoda, akakizungusha kimoja kwa kidole. Kisoda kilikuwa kimeshika kijiti, na kijiti kimebanwa na boksi, hakuna kinachozunguka. "Hiki kimekazwa," akasema kwa Kiswahili. Yaya akamuuliza, "Tukilegeze wapi?" Walibishana robo saa nzima: tulegeze kisoda kwenye kijiti au tulegeze tundu la boksi? Wakajaribu huku, wakajaribu kule. Hiyo, waungwana, ndiyo mada nzima ya gurudumu na mhimili, na walioijadili ni mtu anayelipwa kumpangusa mtoto makamasi na mtoto mwenyewe. Wakati wa kupanda juu ulipofika gari liliingia kwenye pipa la taka, kwa sababu nyumbani, yaya aliniambia, "takataka haziruhusiwi."

Nataka kulikamata neno la yule mtoto, kimekazwa, kwa sababu sisi hapa ni watu wa lugha. Mwanasaikolojia Jean Piaget aliona kwamba hatua kubwa katika akili ya mtoto ni pale anapoweza kukirudisha kitendo nyuma kichwani mwake: kilichofanywa kinaweza kutenguliwa. Tazameni vitenzi vyetu. Funga, fungua. Kunja, kunjua. Ziba, zibua. Tega, tegua. Bandika, bandua. Chomeka, chomoa. Kurudi nyuma kumo ndani ya kitenzi chenyewe. Halafu ongeza inua na inuka, egemea na egemeza, zunguka na zungusha: lugha inamlazimisha mtoto aseme nani anayesababisha na nini kinachotokea chenyewe. Sisemi kwamba Kiswahili peke yake kinatengeneza wahandisi, tungekuwa nao wengi sana. Nasema kwamba mtoto anayecheza na kamba na roda huku akivisikia vitenzi hivi anapewa kitu na jina la tendo lake kwa pamoja, na kumnyang'anya kimojawapo ni hasara.

Na tunawanyang'anya. Shule moja ya hapa, ambayo sitaitaja, iliwashauri wazazi rafiki zangu waache kusema Kiswahili na mtoto wao nyumbani mpaka Kiingereza "kikae sawa". Wakatii. Mtoto sasa ana Kiingereza kizuri, na bibi yake Tanga wanapunguana mikono kwenye simu. Yule bibi ndiye anayejua kusuka kamba ya usumba.

Kwa hiyo rai yangu kwa wenye watoto ni ndogo. Pelekeni watoto kwenye madarasa hayo kama mfuko unaruhusu, hayana dhambi. Ila yaya akitengeneza gari la boksi, liingizeni ndani. Na yaya mwenyewe aulizwe alicheza nini kwao, maana katika minara hii yeye huenda ndiye mwenye elimu hii kwa mikono kuliko sisi wenye vyeti. Kwa wale walioko vyuo vikuu, historia ya walimu wa Madrasa bado haijaandikwa kwa Kiswahili kama inavyostahili, kwa maneno ya wenyewe waliokaa chini na watoto kwenye zile kona. Wengi wao sasa ni watu wazima sana.

Mwisho nina ombi la kitaaluma. Nakusanya majina ya sehemu za ngalawa za mchezo na za roda zake kama watoto wanavyoyasema, siyo kama kamusi zinavyosema. Zile mbao mbili za ubavuni nimesikia zikiitwa matengo na wengine wakisema marengu, na sijui watoto wa Lamu, Pemba, Mafia na Ngazija wanasemaje. Kijiti kidogo kinachozuia kamba ya tanga la mchezo isiteleze nacho lazima kina jina. Mwenye kukumbuka alilokuwa akilitumia utotoni naomba alilete hapa, pamoja na mahali na, ikiwezekana, mti gani walichongea.

Naomba kuwasilisha.